Kichupa Kisicho na Namba

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mashine mpya ya kupima protini kwenye mkojo imefika. Utafiti wetu ni wa figo za watu wenye kisukari. Dokta Nestory, mkuu wetu, akataka tuijaribu kwanza kwa mkojo wa mtu asiye mgonjwa. Nikajitolea. Miaka sita nina kisukari, kazini hajui mtu, nikajitolea! Kichupa hakina namba ya utafiti, nikajiambia, nani atauliza.
Jibu: mia tatu na kumi. Inatakiwa chini ya thelathini.
Nestory akasema labda mashine ina kasoro. Akapima mkojo wa Luhende, mlinzi. Nane. Mashine haina kasoro.
Akaniangalia. Nikasema huenda nimechanganya vichupa.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwandikisha mama Paskazia, anauza dagaa mwaloni, kando ya ziwa. Nikamkanya: vidonge vya maumivu usimeze ovyo, vinamaliza figo. Akauliza, na wewe nesi, mgongo haukuumi? Nikacheka. Ndani ya pochi nina diklofenaki za mgongo, karatasi mbili. Mwaka wa pili nameza kila siku.
Nimezitumbukiza chooni.
Figo za mama yangu zilianza hivihivi, kule Muleba. Miguu ilivimba. Miezi minane tu, tukamzika.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimebonyeza mguu kwa kidole. Shimo limebaki. Mume wangu akauliza nina nini. Soksi imebana, Deo. Anajua nina sukari. Hili hajui.
Nimemwambia Nestory ukweli. Hakunigombeza — afadhali angegomba. Amesema mimi mfanyakazi, hawezi kuniingiza kwenye utafiti. Ila dawa zipo, na kama figo bado zinachuja vizuri, tunaweza kuzichelewesha zisiharibike zaidi. Nikapime damu haraka.
Kama. Neno hilo nawaambia wagonjwa kila siku. Sikujua lina uzito huu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekuja hospitali nyingine, huku mjini, wenzangu wasinione. Damu wametoa saa tatu. Saa sita naandika kwenye benchi, daftari magotini.

Saa saba kasoro. Daktari ameniita, dada wa umri mdogo, mpole. Majibu ameyafunika kwa kiganja. Akauliza, "Umekuja na nani, mama?"
Nikasema peke yangu.
"Basi mpigie mtu wa nyumbani aje. Tutaongea akishafika."
Niko koridoni. Jina la Deo liko kwenye kioo cha simu. Naandika badala ya kupiga.