Kunguni wa Darini

Hopkins, Marekani, kwa barua pepe, 3 Septemba 2025

Bibi yangu Ruqayya,

Nakushika miguu. Goti vipi? Sisi wazima, ila tunajikuna.

Usinipige, mimi tarishi tu. Kunguni wametuingilia. Meneja wa jengo alikuja jana, akauliza tumeleta nini kutoka Afrika. Baba akamwonyesha ule mto wa sufi uliomshonea Mama. Umeshatupwa jaani. Na safari yako ya Novemba, Baba anasema isubiri kwanza. Mama hamsemeshi.

Sasa Bibi, mimi na wewe hatufichani: ulitupakia wangapi?

Mjukuu wako mtanashati,
Mahdi

Mombasa, 5 Septemba

Mahdi,

Marahaba. Goti lipo.

Sufi ile niliianika siku tatu juani, nikaichambua kwa vidole vyangu. Maharusi wa mtaa wetu wa Kuze wamelalia mito yangu miaka arobaini, hajatokea aliyejikuna. Baba yako ameulizwa na mgeni ameleta nini, akamtaja mama mkwe wake.

Wewe uliyekimbia shule, tumia macho. Kunguni wa kitanda hukaa kwenye mishono ya godoro, akaacha madoa meusi kama ncha ya kalamu. Ana ndugu yake, kunguni wa popo, tulimjua nyumba ya zamani: huyo hutoka darini, na shingoni ana manyoya marefu. Wenu yupi? Msinipigie simu mpaka mjue.

Bibi yako

Hopkins, 11 Septemba

Bibi,

Shikamoo. Kweli umezima simu, basi soma.

Kwanza, sikukimbia shule, tulikosana na mwalimu wa biolojia. Angeniona sasa. Nimepindua magodoro yote, mishono safi kama kanzu ya Idi. Nikawavizia. Wanashuka pale pembeni ya taa ya dari, wanafuatana ukutani kama wameitwa karamuni. Nikamnasa mmoja kwa selotepu, nikampiga picha, nikaikuza: bapa, kahawia, kunguni mtupu, ila shingoni manyoya kushinda ndevu za Baba. Wa popo, Bibi! Popo wakihama, hawa hukosa damu, wakatushukia sisi.

Nikampandisha meneja hadi chini ya paa. Kinyesi cha popo kingejaza ndoo. Nikamuuliza, hawa nao tuliwabeba kwenye begi? Akajifanya anapokea simu.

Baba ameitazama picha muda mrefu, kisha akaniambia nikwambie safari iko palepale. Mama anakutafutia koti. Njoo, unisifu mbele ya watu.

Mjukuu wako, daktari wa wadudu,
Mahdi

Mombasa, 12 Septemba

Mahdi,

Marahaba, baba. Kazi uliyofanya ni ya mtu mzima. Nimewasomea majirani mara mbili, na pale pa meneja mara tatu.

Koti, mwambie mama yako asinunue. Baba yako alinitia aibu kwa mgeni kwa mdomo wake mwenyewe, leo ananiita kwa mdomo wa mtoto. Simu nimeiwasha. Nambari yangu anayo.

Bibi yako