Shamba Yako ya Kamango Inaonekana Toka Juu

Mama mukubwa wangu wa Kamango,

Ni mimi, mutoto wa dada yako, ule uliyemulea na kumupa jina Kinywa, juu hakuweza kunyamaza hata mu misa. Bado nasema sana. Leo lakini niko na jambo ya kweli.

Unakumbuka vile nilirudi toka Dubai mara ya kwanza? Nilivaa miwani nyeusi mpaka ndani ya jikoni yako, nikagonga kichwa ku mulango. Nikakuelezea televizyo ya hoteli: Afrika yote, mawingu ikitembea juu yake kama moshi, na satelite njo ilipiga ile picha toka juu. Nikaongeza chumvi yangu, kwamba mimi, mutu wa dunia, niliona hata paa yako. Jirani bote balicheka. Wewe ulikuwa unaanika muhogo ku jiwe ile kubwa ya mutoni, ukauliza tu kama muhogo niliiona. Nikajibu niliiona, ilikuwa haijakauka.

Kisha vita ikakuja. Jirani balibeba magodoro bakaelekea Uganda. Sisi tulifika kukuchukua, twende wote Butembo, ukakataa. Ulisema ndizi haijui kukimbia. Nikakuvuta mukono, ukaondoa vidole vyangu kimoja kimoja.

"Nenda, Kinywa. Mimi nitaanika muhogo kila siku ku jiwe. Ukipita kule juu, uniangalie."

Barabara ikafungwa. Kabla ya mavuno ya kwanza, mutu mumoja akaleta habari: ulikufa siku ile ile tulikuacha, mu njia, ukikimbia. Tulikulilia hapa Kimemi, mutaa wetu wa Butembo, padri akasoma misa. Lakini mimi, ile habari ilikataa kushuka mu koo. Wewe, kukimbia?

Bon, miaka imepita. Sasa nauza kakao Beni, niko mukubwa kidogo, batu bananipisha ku mulango. Juzi agronome, fundi wa kilimo wa banunuzi wa kakao, binti moja mwenye subira, alikuja na kompyuta kuangalia mashamba yetu. Akaniambia satelite iko mingi: moja inapima joto ya bahari, ingine inafuata mawingu na moshi, ingine inapiga udongo picha, inazunguka, inarudi pale pale. Na picha ya zamani haitupwi. Nikauliza hata ya wakati wa vita? Akasema hata hiyo. Nikaacha kakao, nikamuomba Kamango.

Picha mingi mawingu ilifunika, Kamango yako unaijua. Moja ikatoka safi, ya mwaka wa pili wa vita. Ilikuwa nyekundu yote. Nikamwambia binti, mimi nimefika mpaka China, kote majani ni kijani. Akacheka. Kumbe ile jicho ya satelite inaona mwangaza ambayo sisi hatuoni. Jani lenye uhai linairudisha kwa nguvu, njo banaipaka nyekundu. Mashamba ya jirani zako yote ilikuwa nyekundu, pori imeimeza. Lakini pale muto inapinda, kipande moja ilibaki na rangi ya udongo, na ulimi murefu ya udongo ikishuka mpaka ku maji. Ile kona ya mawe, Mama mukubwa. Ile batu bote balikuchekaka kwa kuilima.

"Hapa mutu alikuwa analima," binti akasema. "Bila jembe, pori ingeikula."

Nikauliza kama muhogo pia inaonekana. Akasema hapana, muhogo ni mudogo sana kwa ile picha. Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Binti akafikiri niko mugonjwa.

Nawaza ile chuma, haina moyo, haina jamaa Kamango, na bado ilikuangalia wakati sisi tulikuwa tumekwisha kukulilia. Siku uliyokufa siijui. Hukukufa mu njia, hiyo naijua, na nimeenda kuiambia nyumba yote ya Kimemi, mutu kwa mutu.

Lala vizuri. Miwani nyeusi nimetoa. Muhogo bado sijaiona, lakini wewe nimekuona.

Mutoto wa dada yako,
Kinywa