Mstari Nilioupitisha Mwenyewe

Jumanne, 3 Juni

Siku ya tisa ya kambi ya mpira wa kikapu. Listi ya wachezaji kumi na wawili wa kwenda mashindanoni nimemkabidhi Katibu wa chama asubuhi, nimesaini, basi. Sindano yumo. Yumo kwa mitupo yake: sitini nyuma ya mstari wa pointi tatu, ameingiza arobaini na moja. Ulinzi wake bado mbovu, lakini mkono ule huwezi kuuacha nyumbani. Anayetaka kusema nimembeba mtoto wa dada yangu aje ahesabu mwenyewe, daftari lipo.

Shangazi hayumo. Hilo limeniuma. Miaka thelathini na minne, goti limefungwa bandeji, timu nzima inamwita Shangazi na anaitika. Thelathini na tatu kati ya sitini. Nimemwambia uso kwa uso, sikumtuma mtu. Akauliza kama anaweza kubaki hadi kambi ivunjwe ili tupate watu wa kutosha kugawa timu mbili. Nikasema ndiyo. Akaenda zake kunyoosha misuli kama vile nimemwambia chai imechelewa.

Alhamisi, 5 Juni

Mechi ya kirafiki kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu. Aibu! Pointi tatu tumetupa ishirini na sita, zimeingia tatu. Na zilizokosa zimekosa kwa namna moja — fupi. Mpira unagonga mbele ya ringi unarudi. Sindano katupa kumi na moja, hakupata hata moja. Niliwafokea kwamba miguu imelala.

Tukapanda basi kurudi kambini. Shangazi, ambaye nilimweka benchi mechi nzima, akaja kukaa karibu yangu. Akasema wasichana hawakuchoka, mstari wa pale uko mbali kuliko wetu. Nikamjibu mstari ni mmoja dunia nzima. Akatazama nje. Sasa hilo neno limeniganda kichwani.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda ukumbini kabla wasichana hawajaamka, na futi ya kupimia niliyoazima kwa seremala. Nikaning'iniza uzi wenye nati kutoka katikati ya ringi hadi sakafuni, nikapima hadi kwenye mstari. Mita sita na robo. Nikarudia. Nikahamia ringi ya upande wa pili. Mita sita na robo. Inatakiwa sita na robo tatu. Nusu mita nzima!

Hicho ni kipimo cha zamani, cha enzi nacheza mimi. Na hapa ndipo ninapotaka kujichapa makofi. Mwaka jana sakafu ilipopakwa upya, fundi rangi alifuata alama za zamani, halafu Katibu akaniita nikague. Sikupima. Nilisimama kwenye mstari, nikatupa mitano, ikaingia minne, nikasema uko sawa kabisa, nikasaini. Miguu yangu imekulia kwenye mstari huo, ingesema nini kingine? Fundi akakusanya ndoo zake, Katibu akakata utepe, magazeti yakapiga picha.

Kwa hiyo daftari langu lote ni takataka, na listi nimeijenga juu yake.

Jumamosi, 7 Juni

Nimebandika tepu nyeupe pale mstari unapotakiwa kuwa. Mitupo sitini kila mtu, upya. Wengi wamepungua kidogo, na bado wanastahili nafasi zao kwa mengine. Sindano kumi na tisa. Shangazi thelathini na moja.

Nikamtazama Shangazi miguuni ndipo nikaelewa. Siku zote anasimama hatua nzima nyuma ya mstari wetu. Nimemgombeza mara ngapi asogee, anajipa kazi ya bure! Kumbe kiwanja alichojifunzia kilichorwa na mtu aliyepima. Nikamwomba radhi mbele ya wote. Akasema, "Kocha, usinihurumie. Umenipima, inatosha."

Kambini Sindano ananiita Kocha, tulikubaliana hivyo tangu siku ya kwanza. Mchana akaja mlangoni pangu akaniita mama mdogo. Nikajua kinachokuja. Akauliza kama anatoka, nikamwambia anatoka. Akalia. Nami nimelia, alipokwisha kwenda.

Jumapili, 8 Juni

Dada kapiga simu. Ameuliza nina moyo gani. Amesema mtoto kashawaambia shule nzima, jirani, mpaka mchungaji. Amesema mgeni angemwonea huruma kuliko mimi. Amekata kabla sijajibu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepanda ofisini kwa Katibu, ile ya juu yenye kioo kinachotazama ukumbini. Kumbe listi inaweza kubadilishwa hadi Ijumaa saa sita mchana, ila kwa barua yenye sababu. Nikampa barua. Nimeandika kila kitu: mstari, nusu mita, ukaguzi wangu, Sindano nje, Shangazi ndani.

Alisoma, akavua miwani. Akasema barua hii itatufanya kichekesho kwa watu, na itakayemchoma kwanza ni mimi, maana saini ya ukaguzi ni yangu. Nikamwambia saini yangu naifahamu. Basi akawa mpole, na huyu bwana akiwa mpole ndipo ninapomwogopa. Akasema niandike tu kwamba Sindano ameumia kifundo cha mguu wa kulia. Shangazi anaingia, binti hapati aibu, kazi yangu inabaki, na mstari utapakwa rangi kimyakimya baada ya mashindano.

Kusema kweli nilitamani. Dakika nzima nilikaa pale nikitamani. Dada angenipigia tena simu.

Halafu nikawakumbuka wasichana wa chini ya miaka kumi na minane. Wanaanza kambi hapahapa wiki ijayo. Watachaguliwa kwa mstari huu, kocha wao atajaza daftari namba nzuri, halafu watakwenda kuaibika ugenini na kufokewa kwamba miguu imelala. Nikasema hapana. Akaniuliza, hata kama timu itasafiri na kocha mwingine? Nikamwambia huyo kocha mwingine aje na futi yake.

Barua nimeiacha mezani kwake. Nimeshuka ngazi.

Jumatano, 11 Juni

Vita vya tepu. Jana mwangalizi wa ukumbi kabandua, nikabandika. Leo asubuhi kabandua, nikabandika. Akaniambia, "Mama, mimi nafuata maagizo." Nikamwambia na mimi nafuata vipimo. Tumecheka wote wawili, na bado kabandua.

Jioni tepu yangu ikaisha. Shangazi akakaa chini, akatoa tepu yake ya goti, akaanza kubandika. Wenzake wakaleta za vidole, za viganja, nyingine za bluu, nyingine rangi ya ngozi. Mstari umekuwa na viraka kama suruali ya fundi gereji. Mwangalizi akautazama, akasema anakwenda kunywa chai, hajarudi.

Sindano anafanya mazoezi kama yumo. Leo ishirini na sita. Haitoshi, wala hajaniuliza kama inatosha. Nimemweleza habari ya kifundo cha mguu wa kulia, ni haki yake kujua. Akafikiri, akasema nikiandika hivyo atajilaza kitandani, hatanikatalia. Nikamuuliza yeye anataka nini. Akasema anataka kuwemo. Hilo siwezi kumpa, na ameliona usoni kwangu. Akaokota mpira akarudi kwenye tepu.

Ijumaa, 13 Juni

Saa nne na nusu. Naandikia ofisini kwa Katibu, kwenye kiti cha wageni. Yeye yuko kwenye simu, kaniambia nitulie nifikirie vizuri. Mezani kuna karatasi mbili. Moja ni barua yangu, haijapigwa hata mhuri wa kupokelewa. Nyingine ni cheti cha daktari wa timu: kifundo cha mguu wa kulia, mapumziko wiki sita. Daktari hajamgusa huyu mtoto. Mhuri upo, saini yake ipo, pengo lililobaki ni la saini ya kocha. Katibu kaacha kalamu yake juu ya cheti; mimi naandika kwa yangu.

Waandishi wa habari wameshafika, wako chini ukumbini. Saa tano timu inatangazwa.

Nasikia viatu. Vya mtu mmoja, vinalia kwenye sakafu. Nimesimama nichungulie.

Ni Sindano. Anakimbia ukuta hadi ukuta, anagusa chini, anageuka. Kila akigeuka anakanyagia mguu wa kulia. Kila mara wa kulia! Nilimfundisha mwenyewe kubadilisha miguu, anajua. Shangazi kasimama pembeni na saa mkononi, anamhesabia kwa sauti hadi huku juu inafika. Wapiga picha wameinua kamera.

Katibu naye kaja kwenye kioo. Kafunika simu kwa kiganja. Anasema nishuke sasa hivi nikamwambie yule msichana akae chini.

Nimemjibu bado naandika.