Udongo Ulio Chini ya Minazi

S.L.P. 61,
Kaloleni.
19 Agosti 1984

Mpendwa Shangazi Kahonzi,

Shikamoo, shangazi. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Nakuru, na kwamba kile kikohozi cha baridi ulichotuandikia mwezi wa Juni kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua akipanda kilima kutoka kisimani, lakini kwa mengine ni mzima. Mvua ilikuwa kidogo na mahindi yametuangusha, ila mihogo ipo.

Mimi nimefunga shule. Nilikuwa wa tatu darasani, na mwalimu wa jiografia ameniazima vitabu viwili vya likizo. Kimoja nimeshakimaliza.

Sasa, shangazi, nina habari ambayo tangu jana hainiachi nikae kitako. Ni ya kiinua mgongo cha baba.

Unajua alistaafu mwezi uliopita, akaacha ule upishi wa hospitali ya misheni alioushika kabla sijazaliwa. Fedha walizompa zimo sandukuni mwa mama, na ndizo zote watakazozeekea. Wewe ulimwandikia anunue minazi, kama babu. Baba akaelewana na Mzee Garama, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, amuuzie minazi yake yote inayozaa. Minazi tu, ardhi ibaki ya Garama, kama watu wa huku walivyonunua siku zote. Baba alisema mbata ya nazi na madafu vitawatunza, wasimwombe mtoto hata sabuni.

Lakini wapima ardhi wamefika kwetu. Mmoja wao, Njoroge, huja kununua dafu kila adhuhuri. Unanijua nilivyo. Nilimkatia madafu mengi bila kumwambia neno. Hatimaye nikamuuliza, macho yangu yakiwa kwenye dafu: mtu mwenye minazi katika shamba la mwingine ataandikiwa nini?

Akacheka. "Dada, mimi napima udongo. Mti hauna cheti. Mwenye udongo akiuza, mti unaenda na udongo."

Nusura nijikate kidole. Nilimwambia mama, naye akasema nimwambie baba mwenyewe, maana yeye ataambiwa anaogopa kila kitu. Nikangoja baba awe peke yake, kisha nikangoja awe na furaha, hadi ikafika jana, siku ya kutia alama.

Hujasahau mambo yanavyokuwa. Mnunuzi hutia kila shina chale kwa panga mbele ya mashahidi, tembo la mnazi likanywewa, biashara imekwisha. Kibuyu nilikishika mimi. Baba alipoinua panga kwenye mnazi wa kwanza, nikasikia sauti ikisema, "Baba, ngoja!" Kumbe ilikuwa yangu.

"Ala, huyu ana sauti!" akasema Mzee Garama. "Miaka yote nilidhani mmezaa bubu."

Watu wakacheka. Nikaeleza aliyoyasema Njoroge, nikisahau kibuyu mkononi hata tembo likanimwagikia miguuni. Baba akakunja uso. "Kadii, wanitia aibu? Garama anidhulumu mimi?"

"Mzee Garama namwamini, baba. Lakini siku moja shamba litakuwa la wanawe walio Mombasa, na wewe utakuwa huna nguvu za kwenda kortini."

Garama akasema polepole, "Na minazi yangu mimi, ile niliyonunua katika shamba la Kiponda?"

Shangazi, mzee yule alichukua bakora yake akaondoka karibu mbio kuelekea kwa Kiponda, hata tembo hakulionja! Mzee Gona, mmoja wa mashahidi, akasema, "Basi lete kibuyu, mwanangu, tunywe kabla nalo halijapimwa."

Jioni baba akaniita, nikajua nimepatikana. Akauliza, "Hicho kitabu chako chasemaje juu ya mtu mwenye fedha kidogo na miguu iliyochoka?" Nikamwambia kitabu kinaeleza maziwa na mito ya Kanada. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Haya, basi sema wewe." Nikasema asiziweke fedha zote mahali pamoja: nyingine azinunulie udongo wenye minazi juu yake, nyingine aziweke akiba posta, zizae na aweze kuzitoa mama akiugua.

Leo tulipotoka kanisani tulimkuta Garama mlangoni. Amekubali kumuuzia baba ile pembe ya shamba lake iliyo karibu na kijito, udongo na yote. Minazi yake haifiki nusu ya ile ya kwanza, lakini Njoroge atatia mawe ya mpaka kwa jina la baba. Na kesho baba atakwenda posta, yeye aliyekuwa akisema fedha za kitabu cha akiba hazionekani! Sharti lake ni kwamba niende naye, nimsomee kila mstari kabla hajatia kidole gumba.

Tafadhali usinikasirikie, shangazi. Shauri lako tumelifuata, ila tumeliongezea udongo.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama leso aliyokutumia ilifika. Mdogo wangu Kazungu anakusalimu pia. Amepoteza meno mawili ya mbele na anajivuna nayo. Mzee Gona naye anasema hajambo.

Jambo la mwisho. Katika ile pembe kuna mahali peupe, na mchana huu baba amechimba mashimo ya miche. Alipofika la mwisho, karibu na kijito, akasema, "Hili la Kahonzi, lisiguswe." Nimepiga hesabu. Umebakiza miaka minane kazini, na mnazi hutaka kama saba. Ukija likizo ya Disemba ukaupanda kwa mkono wako, utakuwa umeanza kuzaa siku utakayorudi nyumbani kabisa. Njoo mapema, maana kuku wa Garama wameshaanza kulala ndani ya shimo lako.

Mungu akulinde huko kwenye baridi, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mwana wa kakako, nikupendaye na kukungoja,
Kadii