Jasho la Tuta

Jumatatu, 3 Machi
Bata mwitu wamerudi. Kumi na wawili! Nimewahesabu, nikanywa chai, nikawahesabu tena. Mume wangu anasema nawajua bata kuliko ninavyowajua ndugu zake. Kweli kabisa. Bata hawana maneno.
Mvua ya jana imejaza bwawa hadi kwenye matete. Wamejenga viota humo humo. Tuta linalozuia maji limetulia.

Jumatano, 5 Machi
Chini ya tuta, upande wa nyumba ya kaka, nyasi zimelowa. Padogo tu, upana wa ungo. Nimempigia fundi wa mabwawa aliyetusimamia wakati wa kujenga. Hakushtuka: tuta la udongo hutoka jasho kidogo. Ila kila asubuhi nikinge maji yake kwenye glasi nitazame. Yakiwa safi, hakuna neno. Yakiwa na udongo, tuta linaliwa kwa ndani.
Halafu akauliza kama kuna mti juu ya tuta. Nikasema hapana. Si uongo — mti haupo.

Alhamisi, 6 Machi
Maji safi. Wifi, mke wa kaka, kapanda kuchungulia, kasema bwawa langu limezeeka, halijizuii tena mkojo. Tumecheka mpaka tukashikana. Kisha kauliza kwa sauti ya kawaida: mama analala chumba chao cha nyuma, kile kinachotazama tuta, na miguu yake ndiyo ile — wamhamishe? Nikamwambia asijisumbue, hakuna shida.
Nilijibu haraka mno.

Ijumaa, 7 Machi
Safi. Mvua mchana kutwa.

Jumamosi, 8 Machi
Safi — nadhani. Nimeinua glasi dirishani mara tatu.
Basi niandike, hapa hakuna wa kunisoma. Mti ulikuwepo. Niliupanda mwenyewe juu ya tuta ili ndege wapate pa kutua, na fundi alishanikataza. Mwaka wa tatu akasema anakuja kukagua. Mume wangu alikuwa safarini. Nikaukata, kisiki nikakifukia, juu nikapandikiza nyasi; wa nyumbani nikawaambia upepo umeung'oa. Fundi akaja, akazisifu nyasi. Nikasema asante! Sasa kisiki kinaoza humo ndani, na kila mzizi unaooza unaacha tundu. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama alikuwa akituambia. Mama huyo huyo wa chumba cha nyuma.
Naona aibu. Na naogopa.

Jumapili, 9 Machi
Glasi ya leo: rangi ya chai ya maziwa.
Nimeenda nyuma ya jiko na simu, nikamweleza fundi yote, hata kisiki. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema watu wa bondeni watoke kwanza, halafu tushushe maji polepole: tuongeze kina cha mfereji wa kutolea maji ya ziada, ule wa pembeni kwenye ardhi ngumu, tuta lenyewe tusiliguse. Yuko njiani.
Kaka na mume wangu wamembeba mama kwa kiti hadi sebuleni kwetu. Analalamika wamesahau mto wake. Mvua imekatika, wao wawili wanachimba. Maji yameshuka kiganja kimoja. Matete yakibaki pakavu, viota vimekwisha, najua. Viishe tu.
Mama kauliza haraka hii ya nini na jua limetoka. Wifi kajibu, muulize mwanao, Alhamisi alisema hakuna shida. Hakusema kwa utani.
Nimechukua daftari nijifanye nina kazi. Wifi yuko mbele yangu, anakunja blanketi la mama. Amelikunja, amelikunjua, analikunja tena.
Jembe limenyamaza huko nje. Mume wangu anaita dirishani, simu yangu niliyomwachia afuate maelekezo iko mkononi: fundi anataka kujua kisiki kiko wapi hasa.
"Kisiki gani, mke wangu?"
Wifi ameacha kukunja.