Maji ya Bluu ya Kocha

Umepotea, mjukuu wangu. Tangu uache kucheza, miaka kumi na minne, hujakanyaga uani kwangu hata kuomba maji, leo unanipigia hodi gazetini, kwenye safu yangu ya ushauri. Haya. Barua yako nimesomewa mara mbili. Wasomaji nao waisikie.

“Bibi yangu mpendwa, mshauri wa wengi, naomba unisaidie, nimekwama. Siku hizi nafundisha timu ya soka ya wasichana wa sekondari, na mwanzoni mwa msimu mwenye duka mmoja alitupa katoni za kile kinywaji cha bluu cha wanamichezo, wasichana wakakipenda mpaka wakaamini kina miguu ndani, nacho kilipokwisha tukafungwa mechi mbili mfululizo, kila mmoja analia hana nguvu, basi nikaokota zile chupa tupu, nikaziosha, nikachanganya maji, sukari, chumvi na ndimu kama ulivyokuwa ukitufanyia enzi tunacheza, nikatia na rangi ya keki, nikawaambia mwenye duka katukumbuka tena, wakashinda mechi nne, nami nikanyamaza, hadi juzi nahodha aliponikuta stoo na faneli mkononi, najaza chupa, akaniuliza, ‘Kwa hiyo kocha, tulipokuwa tunakimbia, wewe ulikuwa unatucheka?’ Wenzake hajawaambia, lakini amerudisha jezi, na fainali ni Jumamosi. Nifanyeje? Ni mimi, Kiwiko.”

Kiwiko, nimecheka, kisha nimekasirika. Maji yako hayana kosa. Mechi ndefu, jua kali, sukari kidogo na chumvi kidogo humsaidia mtoto kumaliza dakika za mwisho, yawe ya dukani au ya jikoni. Mazoezi mafupi, maji matupu yanatosha. Na zile mechi mlizofungwa, uliuliza nani alikula mchana? Mwenye njaa hata umpe pipa zima la bluu, atachoka tu.

Kosa lako ni jingine. Umekumbuka vijiko, ukasahau macho. Mimi nilikuwa nakamua ndimu mbele yenu, mmechuchumaa kuizunguka ndoo, soksi zimeshuka, magoti yamejaa vumbi. Wewe ndiye uliyekuwa ukinihesabia: “Bibi, hicho cha ngapi tena, unapika chai?” Golikipa anaonja, anakunja uso, anasema chumvi bado. Kikombe cha bati kimoja, na ugomvi wa nani aanze. Mpaka leo nikipita uwanja wenu ule nasikia mnavyozozana, natembea polepole. Mlikimbia mkijua mnachokunywa. Binti wa watu umemnyima hilo. Miguu ilikuwa yake, wewe ukaipa chupa sifa, halafu unashangaa jezi imerudi?

Sasa sikiliza. Leo, si Jumamosi, nenda kwao ukamwombe radhi mbele ya mama yake. Jezi usiibebe, akiitaka ataifuata. Asipoitaka, fainali ichezwe bila yeye, nawe umeze. Kesho iambie timu nzima, usimtwishe mtoto siri yako. Rangi ya keki wape wapika keki. Maji yachemshwe, yapoe. Kila lita vijiko vidogo sita vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wachanganye wao, wewe ukae. Na wale chakula masaa matatu kabla ya mechi.

Barua usiniletee tena, miguu unayo. Jumapili njoo, mmeshinda mmefungwa, wewe na nahodha wako, kama amekusamehe. Kama hajakusamehe, njoo hivyo hivyo peke yako, na usisimame mlangoni kama mgeni. Ingia.