Kilima Anachokikata Baba

Jumapili, tarehe 9 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, hata yale mama aliyonikataza. Sote tu wazima. Mdogo wangu, ambaye bado hujamwona, ameota meno mawili na anang'ata kila mtu.

Darasani nilijivuna kwamba baba yangu anaendesha katapila linalokata kilima cha chokaa. Mwalimu akasema, "Mawe hayo ni magamba ya viumbe wa baharini, yamejijenga kwa mamilioni ya miaka. Pengo lake litaonekana hata binadamu akishatoweka." Wenzangu wakanizomea, "Mtoto wa Mla-milima!"

Nakihurumia kilima, baba. Lakini uliahidi kurudi kikiisha, na mama analia, kwa hiyo kila nikisali naomba kiishe upesi. Je, kimebaki kiasi gani?

Binti yako